Kiraka cha Kwapani

Watu hudhani mtu mwenye mwili mkubwa hana siri. Wanamwona akija toka mbali, wanajua atajaza benchi, wanajua atamaliza sahani ya pili na kuulizia ya tatu, basi, habari yake imekwisha. Kabati alilijua hilo mapema na alilitumia. Alikuwa kijana wa kidato cha tatu, mpana wa mabega hata mlango wa darasa aliupita ubavu ubavu, na ndani ya mwili wote ule alikuwa ameficha kitu kidogo kama kifungo: sikio lake la kulia lilikuwa pambo. Ungeweza kulipigia debe, lisingeshtuka.

Nyumbani walijua wote. Sikio liliharibika akiwa na miaka sita, kwa homa na usaha. Mama yake, fundi cherehani, alitia mafuta ya uvuguvugu akasubiri. Alisubiri siku tatu ili baba mtu arudi na lori lake, waende hospitali pamoja, maana yeye aliogopa kwenda kuulizwa maswali peke yake. Siku ya nne daktari akamwambia, mama, ungekuja juzi. Hilo neno "juzi" mama alilimeza na halijashuka mpaka leo.

Shule ya msingi mwalimu wake alipogundua, alimhamishia benchi la mbele kwa huruma, na kwa huruma ile ile akalitangazia darasa zima wamwonee imani. Kufika mapumziko Kabati alikuwa na jina: Redio Mbovu. Alilibeba miaka minne. Ndiyo maana alipopata nafasi sekondari ya wavulana upande wa pili wa mji, ambako hakuna aliyemjua, muuguzi wa shule akampa fomu yenye swali la kasoro za mwili, aliandika "hakuna" na kupiga mstari chini yake.

Kisha akaletwa kwenye raga, na raga ikampenda. Ni mchezo ambao mnene haambiwi apungue. Kocha alikuwa mwalimu wa useremala, mtu mkavu, penseli sikioni saa zote, na wavulana walimwita Randa kwa sababu alikuwa akikukwangua kwa maneno mpaka ukae sawa. Yeye ndiye aliyemwona Kabati akibeba meza mbili za karakana kwa mkupuo mmoja, akamwambia aziweke chini aje uwanjani.

Alimpa jezi namba moja. Sasa hapa inabidi kueleza skramu kwa asiyeijua, na si kazi kubwa. Wanane wanashikana, wanainama, wanagongana na wanane wa upande wa pili, mpira unatupwa katikati, wanasukumana kama watu wanaogombea mlango. Mbele wanakaa watatu. Kushoto namba moja, katikati namba mbili, kulia namba tatu. Refa anawapa amri: inama, shikaneni, ingieni. Ukiingia kabla ya neno la mwisho ni kosa, na wapinzani wanapewa penalti.

Namba moja ilimfaa Kabati kama iliyokatwa kwa kipimo chake. Sikio lake la kulia, lile bovu, lilizibwa na bega la jirani yake namba mbili, na hakuna alichopoteza. La kushoto, lile zima, lilikuwa nje kwenye hewa, likisikia kila kitu: refa, Randa, hata wale wa pembeni waliomwambia apunguze chapati. Jirani yake huyo namba mbili alikuwa Sindano, mfupi, mkavu, mdomo mrefu kuliko miguu. Mechi mbili za mwanzo walishinda, na Sindano alitangaza kwenye chumba cha kuvalia kwamba yeye na Kabati ni uzi na sindano, ila uzi wenyewe ni kamba ya meli.

Mambo yaliharibika kwa sababu ya chai. Namba tatu wao, kijana wa bwenini, aliteremka kitanda cha juu asubuhi moja akiwahi chai isipoe, akakanyaga hewa, akavunjika mfupa wa bega. Randa aliwatazama waliobaki, akamtoa Kabati kushoto akampeleka kulia. Mzito ndiye anayefaa pale, alisema, na akageukia habari nyingine.

Kabati angeweza kusema siku ile. Alifungua kinywa kabisa. Lakini kusema maana yake ni fomu ya muuguzi, na uongo wenye mstari chini yake, na Redio Mbovu kuvuka mji mzima kumfuata. Akafunga kinywa.

Kule kulia dunia iligeuka. Sikio zima sasa ndilo lililozibwa na bega la Sindano, na lile bovu ndilo lililobaki nje kupunga upepo. Refa akisema, Kabati alipata mvumo tu, kama mtu anayesikia ugomvi wa jirani kupitia ukuta. Akabuni dawa: kuhesabu. Skramu ya kwanza alimtazama refa mdomo kabla ya kuinama, akapima mwendo wake, kisha zilizofuata alihesabu moyoni, moja, mbili, tatu, akaingia. Kwa refa wa mechi ya tatu, kijana mwenye haraka zake, hesabu ilikubali.

Refa wa mechi ya nne alikuwa mzee mstaafu wa posta, na alitoa amri kama anayebandika stempu: neno moja, anatulia, anabonyeza, anatazama kama limeshika, ndipo la pili. Safari hii anatulia kidogo, safari nyingine anatulia sana. Kabati aliingia mapema mara tatu. Penalti tatu. Walifungwa kwa pointi mbili.

Randa hakupiga kelele. Alimsimamisha mbele ya wenzake akamwambia ana mwili wa mtu mzima na subira ya mtoto mchanga, na kwamba seremala mwenye haraka huishia kuhesabu vidole vyake. Wenzake wakampa jina la wiki, Bwana Haraka. Sindano ndiye aliyeumia zaidi, kwa kuwa alimpenda. Alivua jezi yake iliyochanika begani, akaitupa kwenye mfuko, akaondoka bila kumuaga.

Jezi zote za timu alizishona mama yake Kabati. Kwa hiyo Jumapili, apende asipende, Sindano ilimbidi aende na mfuko wake mpaka kwa akina Kabati.

Nyumba ilikuwa vyumba viwili na ukumbi mwembamba wa kuingilia, na ukumbi wenyewe nusu yake ilikuwa cherehani. Vitambaa vilivyokunjwa vilipangwa mpaka dirishani, na chini ya meza kulikuwa na kopo la vifungo ambavyo mdogo wake Kabati, mtoto wa kike wa miaka saba, alikuwa akivipanga kwa rangi. Bibi yake Kabati alikaa kwenye mkeka akichambua maharage. Kabati mwenyewe alikaa kwenye kiti chake, na kiti hicho kilisukumwa kabisa ukutani upande wa kulia.

Sindano alikaribishwa, akapewa chai, akaketi akinuna kwa adabu. Na kwa kuwa alinuna, hakusema. Na kwa kuwa hakusema, jambo lisilo kawaida yake, alitazama.

Alimwona mama akiacha cherehani, akinyanyuka na jezi mkononi. Kabati alikuwa amesimama mlangoni sasa, akimwaga maji ya beseni. Mama alikuwa kuliani kwake kabisa, angenyoosha mkono angemgusa. Hakusema. Alimzunguka kwa nyuma, akaja kushoto, ndipo akamuuliza uzi mweusi umeuweka wapi. Punde mtoto akatoka chini ya meza na kifungo chekundu, naye akazunguka. Bibi alipotaka chumvi alichukua harage moja akamrushia mjukuu wake begani, na mjukuu akageuka, na bibi akasema. Hakuna aliyefikiri. Walifanya kama watu wanavyokwepa nguzo iliyo katikati ya nyumba, miaka na miaka, mpaka miguu yenyewe inajua.

Sindano aliacha chai ikapoa.

Jumatatu Randa aliwapeleka kwenye gari lao la mazoezi. Alilitengeneza mwenyewe kwa mbao za zamani na matairi, juu yake akapakia magunia ya mchanga, na wanane walilisukuma huku na huku mpaka nyasi zikaota upara. Walishikana. Kabati akainama, akaanza kuhesabu. Moja. Mbili. Ghafla akahisi vidole vya Sindano, vilivyoshika jezi chini ya kwapa lake, vikimbana nyama. Akaruka, akaingia. Gari likaondoka kwa pamoja, sawasawa, kama droo iliyopakwa sabuni.

Ya pili akabanwa tena. Ya tatu tena. Kila mara, ni pale pale Randa aliposema ingieni.

Wakati wa kunywa maji alimvuta Sindano pembeni.

"Unanibana nini?"

"Nakukuna. Nimeona unawashwa."

"Sindano."

Sindano akatazama chini, kisha akamzunguka. Akaja kushoto kwake, akasimama.

"Kwenu kila mtu anakuzunguka," alisema. "Nikajiuliza kule kulia kuna nini. Kumbe kuna ukuta."

Kabati akatazama ndoo ya maji. Moyo ulimwenda kama cherehani ya mama siku za sare za shule. Mwishowe alimwomba asimwambie mtu, na alimwomba kama mtu anayeomba maji. Sindano aliapa, kwa mama yake na kwa meno yake ya mbele. Ila alimuuliza jambo moja: siku yeye akiumia, nani atabana? Kabati akamjibu kwamba mtu mkavu kama yeye hana pa kuumia. Wakacheka, lakini swali halikucheka nao. Lilibaki pale kwenye ndoo ya maji.

Mechi ya tano walishinda kama wanaoteleza. Randa alisema afadhali, kijana amekua. Ikabaki ya sita, dhidi ya shule jirani, na aliyeshinda ndiye angeondoka na kombe.

Asubuhi ya mechi mama alikuwa akipitia jezi namba tatu, akaigeuza ndani nje. Chini ya kwapa la kulia kitambaa kilikuwa kimelika, nyuzi zimebaki kama ungo, na kwingine kote jezi nzima. Fundi aliyeshona miaka ishirini haulizi kwa nini nguo imechanika, ila huuliza kwa nini imechanika hapo. Alimzunguka mwanawe, akamuuliza.

Kabati alimweleza. Kubanwa, kuhesabu, Randa, fomu, yote. Mama alikata kipande cha kitambaa kigumu cha suruali, akakiweka kwapani, akashona mara mbili kuzunguka. Mguu wake ulisimama kwenye kanyagio.

"Kwa hiyo mwenzako mmoja anajua," alisema.

"Mmoja tu. Na huyo hasemi."

"Mwanangu, mimi nilisubiri siku tatu kwa sababu niliona aibu kuulizwa." Aliukata uzi kwa meno. "Sikwambii cha kufanya. Umeshakuwa mkubwa kuliko mlango. Lakini siku tatu ni nyingi."

Akamrushia jezi. Akasema na yeye leo anafunga kazi, anakuja kutazama hicho kinachomharibia nyuzi.

Refa alikuwa yule yule mzee wa posta. Alipowakagua njumu alisimama mbele ya Kabati kidogo, akamkumbuka, akapita. Upande wa pili, aliyepangwa kusukumana naye alikuwa kijana mwenye ndevu kamili, hata wavulana wakamwita Baba Watoto, na mmoja akauliza kama amekuja na mke.

Ulikuwa mchezo mgumu, wa matope na viwiko. Sindano alibana, Kabati aliingia, na mzee wa posta hakupuliza hata mara moja. Zikiwa zimebaki dakika nne waliongoza kwa pointi moja. Hapo ndipo Sindano alipokanyagwa kifundo cha mguu, akakaa chini, akajaribu kunyanyuka, akakaa tena. Walipombeba kutoka alimshika Kabati jezi, akamvuta chini hadi sikio la kushoto likafika.

"Mwambie," alisema. Basi.

Aliyeingia badala yake alikuwa Karanga, mtoto wa kidato cha pili, soksi zimemshuka, macho yamemtoka. Na amri ikawa skramu, mpira wa wapinzani, hatua tano kutoka mstari wa akina Kabati. Kosa moja pale ni penalti mbele ya milingoti, pointi tatu, kwaheri kombe. Mzee alimkazia macho Kabati, akamwonyesha kidole kimoja. Hakuhitaji kueleza.

Karanga alimshika. Bega la mtoto likaliziba sikio zima, na dunia ikanyamaza. Kabati akatazama mdomo wa refa ukifunguka kwa neno la kwanza. Wakainama. Akaanza kuhesabu, na ilipofika mbili akajua kwamba hajui. Angeweza kubahatisha. Mara tatu alibahatisha, na mara tatu zote ikawa penalti. Akahisi kile kiraka kigumu kikimkwaruza kwapani.

Akasimama wima.

Skramu nzima ikafumuka. Wenzake wa nyuma wakamuuliza ana wazimu gani. Kabati akanyanyua mkono, akamwomba mwamuzi nusu dakika, na akamgeukia Karanga, lakini hakunong'ona, maana hakuwahi kujua kunong'ona vizuri. Walisikia wote kumi na sita, na refa, na pengine na waliokuwa pembeni.

"Sikio langu la kulia ni bovu, halisikii kitu. La kushoto unaliziba wewe na bega lako. Refa akisema ingieni, nibane hapa, penye kiraka. Bana kama umemshika mwizi."

Karanga akaitikia kwa kichwa kwamba ameelewa. Kabati alingoja, kwa sababu alijua kinachofuata. Alikisikia miaka minne. Alingoja lile jina.

Aliyevunja kimya ni Baba Watoto, na alivunja kwa sauti nzito iliyolingana na ndevu zake.

"Kumbe," alisema. "Sisi tulikuja kutazama mechi yenu ile ya penalti tatu, tukadhani umebanwa na haja."

Mtu mmoja akacheka, akafuata mwingine, wa pande zote mbili, na Kabati akajikuta naye anacheka, matope yakimwingia kinywani. Mzee wa posta alingoja wakaisha. Kisha akasema tuendelee, na baadhi waliapa kwamba alisema kwa sauti kubwa kuliko siku zote.

Wakainama. Wakashikana. Kimya kikamfunika Kabati, na safari hii hakuhesabu. Alingoja tu, kama mtu aliyesimama mlangoni akijua atakaribishwa. Mzee alitulia. Akatulia zaidi. Na Karanga akabana, kwa kucha na kwa woga wake wote, na Kabati akaenda.

Alama ya vidole vile ilikaa wiki mbili. Baba Watoto alirudi hatua moja, ya pili, ya tatu. Mpira ukawaponyoka wapinzani miguuni ukatokea upande wa akina Kabati, ukapigwa teke nje ya uwanja, filimbi ya mwisho ikalia. Kombe lilikuwa dogo, mkono mmoja umelegea. Randa alishasema tangu mwaka juzi kwamba likija kwake ataligundisha.

Timu zilipanga mistari kupeana mikono. Baba Watoto alipofika zamu yake hakutoa mkono. Aliuvunja mstari, akamzunguka Kabati kwa nyuma, akatokea kushoto, ndipo akampa mkono na kumwambia mwakani atakuja amejiandaa. Akarudi kwenye foleni.

Kabati akaketi kwenye nyasi kufungua njumu. Nyuma yake kuliani Randa alikuwa ameshaanza kusema. Alisema kwa muda, penseli sikioni, mikono nyuma, akitazama mbali kama afanyavyo mtu anayesema jambo gumu, na Kabati akaendelea na kamba zake. Sindano, aliyelala pale na barafu mguuni, alimtazama mwalimu kwa adabu mpaka mwalimu mwenyewe akakumbuka. Randa akanyamaza. Akazunguka. Akachuchumaa kushoto, akakohoa, akaanza upya.

"Nilikuwa nasema. Fomu ya muuguzi utaijaza tena Jumatatu, na utaijaza kweli. Hiyo ni yako. Ile haraka niliyokukwangulia mbele ya wenzako, hiyo ni yangu. Mbao ilikuwa sawa, mimi ndiye niliyeiweka upande siyo. Mwakani unarudi namba moja."

Kabati akaziacha kamba za njumu.

"Mwalimu, ukiruhusu, nibaki namba tatu."

"Kwa nini?"

"Nimeshazoea kubanwa."

Randa aliitoa penseli sikioni, akaitazama kama imeandika kitu, akairudisha. Akabaki amechuchumaa pale pale. Karanga akaja akaketi kushoto, akavuta soksi zake juu. Namba tatu wa zamani akaja na bega lake lililofungwa, akajipenyeza. Sindano akaburuta mguu na barafu yake, akihamia huko huko. Wakaja na wa nyuma, kila mmoja na la kusema, kila mmoja akizunguka, mpaka upande wa kushoto wa Kabati ukawa kama mlango wa duka siku ya sukari.

Mama yake alivuka uwanja na pochi kwapani, viatu mkononi kwa ajili ya matope. Alifika, akazunguka kama miguu yake ilivyojua, akakuta hakuna pa kupita. Alisimama kidogo akiwatazama. Kisha akarudi upande wa kulia, upande wa ukuta, akainama, akapeleka mkono chini ya mkono wa mwanawe hadi kwenye kile kiraka, akambana.

Kabati akageuka.